Vioo vya umeme vya Celica ya 1991: relei imelaumiwa bure

*"Assalaam alaykum fundi. Nina Toyota Celica ya mwaka 1991, ile yenye taa za mbele zinazoinuka, niliyoachiwa na mjomba wangu. Ina milango miwili na vioo vyote ni vya umeme. Kwa miezi kadhaa sasa vinapanda polepole, hasa adhuhuri, na nikivipandisha na kuvishusha mara mbili tatu huzima vyote kwa pamoja. Nikingoja kama dakika kumi hurudi. Fundi wa mtaani kwetu Tudor amebadilisha relei mara mbili. Kila relei mpya hutuliza mambo wiki chache, kisha shida hurudi ile ile, ingawa nikifungua ufunguo naisikia ikilia 'ta'. Wiki iliyopita mvua ilinikuta kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, kioo changu kiko chini, kikakataa kabisa kupanda. Mke wangu alikipandisha cha upande wake kwa swichi yake bila shida. Tulipovuka nikafungua mlango nishuke, nikabonyeza tena kwa hasira, kikapanda. Sasa fundi anashauri tuiruke relei kwa waya na tuongeze ukubwa wa fyuzi. Je, nikubali?"*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usikubali, na sababu nitazieleza kwa kirefu, kwa maana swali lako limebeba majibu yake ndani kuliko ulivyodhani. Unachoniuliza hasa ni kama relei ndiyo mgonjwa. Kwa maelezo uliyoyatoa, naona magonjwa mawili tofauti yaliyopatana katika gari moja, na sioni dalili ya kutosha kwamba relei ni mojawapo. Hizo mbili ulizozinunua huenda ziko salama hadi leo, pamoja na ile ya kwanza iliyotupwa.

Tuanze na kazi ya relei yenyewe. Mota ya kioo hula mkondo mkubwa: ikipanda bila kizuizi hutumia ampea chache tu, lakini kioo kikifika juu kikagota, au kikikwama njiani, mkondo huweza kupanda hadi ampea ishirini na zaidi. Swichi ya ufunguo haikuundwa kubeba mzigo huo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka mtumishi kati: ndani ya kile kijisanduku cha plastiki mna koili ya waya mwembamba ambayo, ukifungua ufunguo, hugeuka sumaku kwa mkondo mdogo usiofika robo ya ampea, huvuta kibamba cha chuma, na kibamba hicho hukutanisha sehemu mbili za madini ambazo nitaziita viguso. Umeme mkubwa hupita kwenye viguso hivyo. Katika Toyota nyingi za enzi ya gari lako, relei kuu ni moja kwa vioo vyote, nayo hufunga njia mara tu ufunguo unapofunguliwa, kabla hujagusa swichi yoyote ya kioo.

Kutokana na hapo tunaweza kuondoa dhana mbili zinazopoteza watu pesa. Ya kwanza ni kwamba relei inayolia "ta" ni nzima. Sauti hiyo inakwambia tu kwamba koili imevuta kibamba. Kuhusu hali ya viguso, kama ni safi au vimeungua vikawa vyeusi, haisemi lolote. Ya pili ndiyo kinyume chake, na ndiyo iliyokuuma wewe: kwamba ukiweka relei mpya na vioo vikapata nguvu, basi ya zamani ilikuwa mbovu. Fikiria fundi anachokifanya anapobadilisha. Anaichomoa ya zamani, anaipachika mpya, na miguu ya shaba ya relei inakwaruzana na terminali, yaani vile vibanio vya shaba, za soketi yake mara mbili. Mkwaruzo huo unaondoa utando wa kutu uliokuwa umezuia umeme. Wiki chache baadaye hewa yetu ya chumvi inaurudisha utando, na joto la terminali iliyolegea linauharakisha. Ndiyo maana kila relei mpya "ilipona" kwa muda na kuugua tena.

Dhana hii unaweza kuijaribu mwenyewe leo jioni bila kununua kitu. Zima gari, chomoa relei iliyopo, itazame miguu yake, kisha irudishe hiyo hiyo. Irudie kazi hiyo mara tatu nne. Vioo vikipata nguvu kama vilivyopata siku ya relei mpya, basi umekwisha kujua kwamba ulikuwa ukilipia mkwaruzo. Ukikuta mguu mmoja umebadilika rangi ukawa wa buluu au kahawia, au plastiki ya soketi imelainika na kupinda, hapo ndipo penye joto. Gari za Mombasa huniletea hali hii mara kwa mara, zaidi zile zinazolala nje karibu na maji, na karibu kila mara relei imebadilishwa na soketi imeachwa vile vile.

Joto hilo linatoka wapi? Hesabu ni fupi. Terminali iliyolegea au yenye kutu huongeza ukinzani mdogo sana, tuseme sehemu moja ya kumi ya omu, kiasi ambacho mita ya kawaida inaweza hata isikionyeshe vizuri. Pitisha hapo ampea 15 za vioo viwili vizito vinavyopanda pamoja. Utapoteza volti moja na nusu, na joto litakalozalishwa ni wati 22 na nusu, yaani zaidi kidogo ya balbu ya indiketa ya wati 21, limefungiwa ndani ya kijisanduku kisichozidi kibiriti. Mota nayo, iliyonyimwa volti hizo, inazunguka polepole. Inapokaribia kukwama, inavuta mkondo mwingi zaidi, na mkondo mwingi unapoteza volti nyingi zaidi njiani. Mduara huo ndio unaouona adhuhuri, wakati gari limekaa juani na kila kitu ndani yake kimekwisha kuwa moto kabla hujaanza safari.

Sasa zile dakika kumi. Katika njia ya umeme wa vioo, gari nyingi za aina yako hazikuwekewa fyuzi ya kawaida ya kukatika peke yake, bali zina breka inayojikata kwa joto: ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizogandishwa pamoja ambacho kikipata moto hupinda na kukata njia, kikipoa hunyooka na kuirudisha. Mota yenyewe pia kwa kawaida ina kinga ya namna hiyo tumboni mwake. Unazitofautishaje? Kinga ya mota huzima kioo kimoja tu, kile chake. Kwako vinazima vyote viwili kwa pamoja na kurudi kwa pamoja, kwa hiyo kinachokata ni breka ya pamoja. Nayo haijakosea, kwani mkondo unaopita ni mwingi kuliko inavyopaswa, au imekaa jirani na soketi yenye moto, au yote mawili. Ukiiongezea ukubwa, au ukiweka fyuzi kubwa pale ilipo, utakuwa umemkamata shahidi na kumwacha mwizi. Fyuzi na breka huwekwa kwa kipimo cha waya unaofuata, ili waya usiungue. Waya wa gari lako una zaidi ya miaka thelathini, unapita chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, na hakuna atakayeuona ukianza kuyeyuka.

Kuhusu kuiruka relei, niwe mwadilifu kwa fundi wako: kama kipimo cha dakika moja, ni njia halali kabisa. Unachomoa relei, unaunganisha kwa waya mfupi wenye fyuzi zile terminali mbili za mkondo mkubwa, na kama vioo vinaruka juu kwa kasi ambayo hukuizoea, umejifunza kwamba kizuizi kilikuwa kwenye viguso au kwenye miguu ya relei. Kama vinabaki vizito, relei umeiondolea lawama. Lakini kama dawa ya kudumu, waya huo utaacha vioo na umeme saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Gari la 1991 halina akili ya kutambua mkono wa mtoto uliobanwa na kioo kinachopanda. Nimeona pia "kuruka relei" kukifanywa kwa waya uliovutwa moja kwa moja kutoka betri bila fyuzi yoyote, na hilo ni jambo la kuogopwa.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Unahitaji mita ya kawaida ya volti na mtu wa kukubonyezea swichi. Washa injini, hakikisha betri inaonyesha karibu volti 14, kisha weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya unaoingiza umeme katika swichi kuu ya mlango wako, huku kioo *kikipanda*. Neno hilo nalisisitiza kwa sababu kipimo kisicho na mzigo hudanganya: waya uliobakiwa na nyuzi mbili, ukiupima dhidi ya hasi ya betri, utakuonyesha volti zote 14 ukiwa umepumzika, na kuanguka hadi 8 mara mota inapoanza kula. Kwa namna niliyokueleza, mita itakuonyesha volti zilizopotea njiani. Mimi hukubali nusu volti, na zaidi ya volti moja natafuta mwizi kwa kusogeza ncha hatua kwa hatua: kabla ya breka, baada ya breka, kuingia relei, kutoka relei. Kati ya miguu miwili mikubwa ya relei iliyofunga hapapaswi kupotea zaidi ya volti 0.2. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa athi, yaani njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, ukiweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa athi wa swichi. Upande huu ndio mafundi wengi huusahau, nao hapa pwani ndio hula kutu kwanza, kwa sababu boliti yake imefungwa kwenye chuma cha bodi.

Sasa nirudi Likoni, kwa maana kisa cha foleni ni ugonjwa wa pili, na ulikitaja kama kero tu ya mvua. Kioo chako kilikataa. Cha mkeo kilipanda kwa swichi yake. Ukafungua mlango, kikapanda. Kama relei au breka ndiyo ingekuwa imekata, cha mkeo kisingesogea. Na mvua sidhani kama ina kosa kubwa hapa. Kilichobadilika ni mlango kufunguka.

Kati ya mlango na bodi, pale penye bawaba, kuna mpira wenye mikunjo unaopitisha waya zote. Kila unapofungua na kufunga mlango, waya hizo hukunjwa na kukunjuliwa. Mlango wa dereva hufunguliwa kuliko wowote, na kwa miaka zaidi ya thelathini nyuzi za shaba hukatika moja moja ndani ya ganda ambalo kwa nje bado ni zima. Swichi kuu iko mlangoni mwako, kwa hiyo umeme unaoingia kwenye swichi hiyo lazima upite katika mpira huo. Swichi ya mkeo kwa kawaida hupata umeme wake kwa njia nyingine, lakini huazima athi yake kupitia swichi kuu yako. Waya wako wa kuingiza umeme ukikatika, kioo chako kinakufa, wewe huwezi kukiendesha kioo cha mkeo kutoka kwako, lakini yeye kwa swichi yake anaweza. Waya wa athi ukikatika, vyote viwili vinakufa. Uliyoyaeleza yanafanana na hali ya kwanza. Ningependa tu kujua kama siku ile ulijaribu kukipandisha kioo chake kwa swichi yako. Hukulitaja, lakini unaweza kuliangalia kikigoma tena.

Kipimo chake ni chepesi: fungua ufunguo, bonyeza swichi bila kuachia, na uusogeze mlango polepole kutoka kufungwa hadi mwisho wake huku mkono mwingine ukiupapasa ule mpira. Kioo kikishtuka, kikasimama, kikaendelea, umempata. Ikiwa hakishtuki popote, mshukiwa anayefuata ni viguso vya swichi kuu yenyewe, ambavyo navyo huungua na kuchakaa. Swichi hizo hufunguka, na mara nyingi viguso vyake husafishika kwa msasa laini kabisa na kisafishaji cha umeme kinachokauka. Usipulizie mafuta ya kulainisha ndani yake, hata kama mwenye duka atakuapia. Yatanasa vumbi na utafungua tena baada ya miezi miwili.

Waya uliokatika ndani ya mpira hauungwi kwa kusokota na kuzungushia utepe wa gundi. Hukatwa pande zote mbili hadi ifike shaba inayong'aa, kwa sababu hapa kwetu kutu ya kijani hutambaa chini ya ganda mbali kuliko unavyotarajia, kisha huwekwa kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi na unene ule ule, na viungo vyake viwe nje ya sehemu inayokunjwa. Ukishaufungua mpira huo, kagua zote, maana zimezeeka pamoja. Ukikutana na waya za ganda la njano zilizofungwa pamoja, hasa upande wa usukani, ziache kabisa na usizitie mita, kwani rangi hiyo hutumika kwa mifuko ya hewa.

Umeme ukishanyooka, bado kuna uzito wa kioo chenyewe, na hapa ndipo ninapoamini nusu ya mzigo wako ilipo. Raba za pembeni ambamo kioo huteleza hukakamaa kwa jua na kujaa mchanga, na mashine ya kioo, yaani ile mikono ya chuma inayokiinua, hukauka grisi. Jaribu hivi: kioo kikipanda, kisaidie kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Kikichangamka waziwazi, mota inapigana na msuguano. Osha raba kwa maji na sabuni, zikauke, kisha pulizia silikoni. Oili ya injini na grisi ya kawaida si za kupaka kwenye raba, kwa kuwa huivimbisha na kugeuka gundi ya mchanga. Grisi ni ya meno na mikono ya mashine peke yake. Kazi hii haina sifa na fundi hawezi kukutoza sana kwayo, labda ndiyo sababu hakuna anayeipendekeza.

Kuna watu watakushauri uweke relei mbili za ziada kwa kila kioo, ili swichi ziamrishe relei na relei zibebe mkondo wa mota. Si ushauri mbaya. Hupunguza mzigo kwenye swichi ambazo kuzipata mpya kwa gari kama lako ni kazi, na nimefanya hivyo mara kadhaa. Lakini lazima ziwe relei za miguu mitano, zinazoirudisha mota kwenye athi zikipumzika, zilishwe kwa waya mpya wenye fyuzi yake, na zikae ndani chini ya dashibodi wala si tumboni mwa mlango ambamo maji ya mvua hupita. Usianze na hilo kabla ya kusafisha njia iliyopo, maana kioo kizito kitabaki kizito na breka itaendelea kukata.

Ukilazimika siku moja kununua relei nyingine, linganisha mchoro uliochapwa ubavuni mwake na wa ile ya zamani, wala usitosheke na umbo. Zipo zinazoingia soketi moja huku miguu imepangwa tofauti, na zipo zenye dayodi ndani, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ambazo koili yake haikubali chanya na hasi kubadilishana. Soketi iliyolainika ibadilishwe pamoja na terminali zake. Soketi nzima iliyokatwa na mkia wa waya kutoka gari lililochakaa ni bora kuliko relei mpya ya tatu kwenye soketi ile ile.

Yapo mambo ambayo sitaki uyafanye peke yako kwa kusoma maneno yangu. Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, ukikuta waya wa moto usioshikika, au kisanduku cha fyuzi kimeingia maji, tenganisha hasi ya betri na upeleke gari kwa fundi wa umeme mwenye mita na mchoro wa waya wa gari hilo. Mwambie apime volti zinazopotea chini ya mzigo kabla ya kubadilisha chochote. Akikuuliza maana yake, tafuta mwingine. Vile vile, kama mota itahitaji kutolewa, mwachie aliyewahi kuifanya: baadhi ya mashine za kioo zina springi yenye nguvu, na ukifungua mota kabla ya kuibana mashine, mikono yake ya chuma hujifunga ghafla na kuweza kukata vidole.

Na mvua ikikukuta tena kwenye foleni kabla hujatengeneza, acha injini ikinguruma, zima kiyoyozi na feni, fungua mlango kidogo ikiwa mahali panaruhusu, bonyeza swichi na usaidie kioo kwa viganja. Kikifika juu, kiache huko hadi siku ya kuufungua ule mpira wa mlango.